Pumziko la Sikukuu ni la Watoto Pia

Somo la kusoma nyumbani na katika jumuiya

Masomo ya Biblia: Kumbukumbu la Torati 5:12–15, Kutoka 12:21–27, Marko 10:13–16



Sikukuu ya Pasaka hutupa siku nne mfululizo: Ijumaa Kuu, Jumamosi, Jumapili yenyewe, na Jumatatu ya Pasaka. Miaka mingine huungana na Siku ya Karume, tarehe 7 Aprili. Mwaka 2015, kwa mfano, Pasaka iliangukia tarehe 5 Aprili, na wengi wetu tukakaa nyumbani hadi Jumanne. Ni mapumziko marefu kwa mtu wa mji. Katika somo hili twataka kujiuliza swali moja tu: siku hizo ni za nani? Tukiwa na watoto wadogo nyumbani, jibu la swali hilo si jepesi kama tunavyodhani.

1. Jinsi tunavyoishi

Sensa ya mwaka 1967 ilikuta mji wa Dar es Salaam haujafikisha watu 300,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wetu. Watu hao wote walihitaji mahali pa kulala, na mji ukatanuka. Leo tunajenga Chamazi, Mbande, Goba, Bunju, na mbele zaidi, lakini kazi nyingi zimebaki Kariakoo, Posta na bandarini. Basi baba huondoka saa kumi na moja alfajiri ili awahi gari, na mama naye huondoka kwenda sokoni au kazini. Wanarudi saa mbili au saa tatu usiku. Wapo wazazi miongoni mwetu wanaoujua urefu wa mtoto wao kwa kumtazama akiwa amelala.

Baba mmoja kijana wa Mbagala, ambaye kazi yake iko Kariakoo, alitusimulia kisa chake. Jumamosi moja ya Pasaka alikaa nyumbani. Mwanawe wa miaka minne akamjia akamwuliza, "Baba, unaondoka saa ngapi?" Akamjibu, "Leo siondoki, mwanangu." Mtoto akaenda kucheza. Baada ya muda mfupi akarudi, akauliza neno lile lile. Alifanya hivyo mara nyingi hata baba yake akachoka kumjibu. Kesho yake asubuhi, jamaa wote wakiwa wamevaa tayari kwa ibada, kiatu kimoja cha baba hakikuonekana. Walitafuta chini ya kitanda, wakatafuta nje, wasikione. Mwishowe kilipatikana jikoni, ndani ya sufuria kubwa ya pilau, kimefunikwa vizuri. Mtoto alikuwa amekificha ili baba yake asipate kuondoka.

Yule ndugu alicheka alipotusimulia, kisha akanyamaza kidogo. Sisi nasi tulinyamaza.

2. Neno la Mungu lasemaje?

Tufungue Kumbukumbu la Torati 5:14. Hapo Mungu anawataja mmoja mmoja wale wanaopaswa kupumzika. Anaanza na mwenye nyumba, na mara moja baada yake anamtaja mwana na binti. Ndipo wanafuata mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye ndani ya malango. Kwa hiyo pumziko si mali ya mtu mzima ambayo mtoto hugawiwa kidogo ikisalia. Mtoto ametajwa wa pili katika amri yenyewe.

Tena tuangalie sababu inayotolewa. Katika Kutoka 20 sababu ni kwamba Mungu mwenyewe alipumzika baada ya kuumba. Lakini katika Kumbukumbu la Torati 5:15 sababu ni nyingine: Waisraeli wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri. Alama kubwa ya mtumwa ni kwamba hana saa iliyo yake. Wakati wake wote ni wa mtu mwingine. Basi siku ya kupumzika ni siku ya kuonyesha kwamba tumetoka utumwani. Mzazi asiyeweza kumpa mtoto wake hata saa moja kwa mwaka mzima hana budi kujiuliza kama hajabakiza mguu mmoja Misri.

Jambo la tatu ni hili. Pasaka ya kwanza haikuadhimishwa hekaluni, maana hekalu halikuwapo. Iliadhimishwa nyumbani, kila nyumba na mwana-kondoo wake. Na katika Kutoka 12:26 Musa anasema wazi kwamba watoto watauliza maana ya ibada hiyo, na wazazi watawajibu. Angalieni vizuri: swali la mtoto limewekwa ndani ya sikukuu tangu mwanzo. Lakini mtoto hawezi kuuliza swali kwa mtu ambaye hayupo, wala kwa mtu aliyepo ambaye macho yake yako kwenye simu.

Mwisho tuwakumbuke wanafunzi katika Marko 10. Walipowazuia watoto hawakuwa na nia mbaya. Waliona Bwana ana kazi nyingi na watu wengi wanamngoja. Lakini Marko anatuambia kwamba Yesu alichukizwa na jambo lile. Akawachukua mikononi mwake, akawabariki. Naye alikuwa na shughuli kubwa kuliko za kwetu, kwani alikuwa njiani kwenda Yerusalemu.

3. Kosa letu sisi

Hatuandiki haya kama watu waliofaulu. Tulifundisha walimu katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi. Tuliwafundisha jinsi mtoto anavyokua, jinsi anavyojifunza kwa kucheza, na jinsi anavyohitaji kusikilizwa. Tuliyajua hayo vizuri, na vitini vyake tuliviandika wenyewe. Lakini sikukuu zilipofika tulizitumia kusahihisha mitihani, kukagua ripoti za mazoezi ya kufundisha, na kuhudhuria vikao vya harusi. Watoto wetu watatu walijua kwamba meza ikijaa karatasi hawapaswi kupiga kelele.

Pasaka ya mwaka 1998, katika mwaka ule tunaoukumbuka kwa mvua za El Niño, tulikuwa na kikao cha harusi siku ya Jumamosi. Mvua ikanyesha tangu usiku. Maji yakajaa njiani, daladala hazikuonekana, na umeme ukakatika hata tukashindwa kusahihisha. Tulizunguka chumbani kwa hasira. Hatimaye, kwa kukosa la kufanya, tukaketi mkekani pamoja na watoto. Mkubwa akaleta gazeti kuukuu. Tukachomoa njiti za chelewa katika ufagio, tukakoroga gundi ya unga wa ngano, tukatengeneza tiara. Mama yao akakaanga karanga juu ya jiko la mafuta ya taa. Jioni mvua ikapungua, tukalitoa tiara nje. Halikuruka. Lilikuwa zito kwa gundi, na upepo haukuwapo. Tukalirudisha ndani, tukalitundika kwenye msumari ukutani.

Usiku ule, katika shajara yetu, tuliandika maneno mawili tu: "Siku imepotea."

Miaka zaidi ya ishirini baadaye, watoto wetu wakiwa watu wazima, tulikuwa tumekaa nao baada ya chakula cha Krismasi. Tukawauliza ni sikukuu gani ya utotoni wanayoikumbuka. Tulitegemea watataja Maonyesho ya Saba Saba pale Barabara ya Kilwa, ambako tuliwapeleka kwa gharama, au nguo mpya za Krismasi. Mwanetu wa pili akasema bila kufikiri, "Ile siku ya tiara lisiloruka." Wenzake wakaitikia. Tukamwuliza, "Na sikukuu nyingine je?" Akatutazama kwa upole, akasema, "Nyingine mlikuwa mnasahihisha."

Hakusema kwa kutulaumu, na hilo ndilo lililotuuma zaidi. Siku tuliyoiandika kuwa imepotea ndiyo peke yake waliyoiokota. Tulimkumbuka kuhani Eli katika 1 Samweli 2 na 3. Alimlea vizuri Samweli, mtoto wa watu, akamfundisha kuisikia sauti ya Mungu. Lakini wana wake mwenyewe waliharibika karibu naye. Mwalimu, mhubiri, muuguzi, na kila anayehudumia watoto wa wengine, na asome sura hizo.

4. Kuwatoa watoto si kuwapumzisha

Wako wazazi watakaosema, "Sisi watoto wetu tunawafurahisha sana siku za sikukuu. Tunawapa fedha waende matembezi na wenzao." Hapa yafaa tuseme kwa uangalifu. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto wapatao ishirini walikufa mjini Tabora katika ukumbi wa disko la watoto, kwa msongamano na kukosa hewa. Wazazi wao hawakuwa waovu. Waliwatoa watoto wakafurahi, kama wengi wetu tunavyofanya. Tangu siku hiyo tumesikia mara nyingi Polisi wakipiga marufuku disko toto sikukuu zinapokaribia. Na kila sikukuu, pale ufukweni Coco Beach, huonekana watoto waliopotezana na wenzao katika umati.

Hatusemi matembezi ni dhambi. Mkitaka kuvuka kwenda Kigamboni kuona bahari, nendeni pamoja, mrudi pamoja. Tunachosema ni kwamba mtoto mdogo hatafuti kwanza mahali papya, bali anamtafuta mzazi wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inahesabu kucheza na kupumzika kuwa miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto, pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Wengi wetu tunahangaika kwa ada na chakula, na ni vyema. Lakini haya mengine nayo ni deni, tena ni deni lisilohitaji fedha.

5. Namna ya kuzipanga siku nne

Wengine watasema, "Hatujui tufanye nini na watoto siku nzima." Msione haya. Mwaka 1876 huko Old Alresford, Uingereza, Mary Sumner, mke wa kasisi, aliwaita akina mama wa parokia yake wazungumze juu ya malezi ya watoto. Siku ya kwanza alishikwa na hofu hata akashindwa kusema, akawaomba warudi juma lijalo. Walirudi, naye akasema. Hivyo ndivyo ulivyoanza umoja wa akina mama ambao leo umeenea katika makanisa ya Anglikana ulimwenguni. Basi anayeanza kwa kusitasita asikate tamaa.

Tunashauri hivi:

Alhamisi Kuu. Nunueni mahitaji mapema: mkaa au gesi, mchele, viungo. Fueni na kupiga pasi nguo za ibada. Kazi iliyomalizika Alhamisi haitaiba saa za Jumamosi. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani naye apangiwe siku yake ya kupumzika, maana ile amri imemtaja naye, na kusema wazi kwamba apumzike kama wewe. Mtoto anayemwona dada akifanya kazi siku zote nne huku wengine wameketi anajifunza somo baya.

Ijumaa Kuu. Ibada hii huwa ndefu kwa watoto wadogo. Waandaeni nyumbani kwa maneno machache. Mtoto anayeanza kujifunza saa aonyeshwe kwamba saa zetu za Kiswahili ndizo saa za Biblia: giza lilikuwapo tangu saa sita hata saa tisa, kama katika Marko 15:33. Mpeni saa aitazame. Jioni nyumba iwe na utulivu, redio ipunguzwe, mle chakula chepesi pamoja.

Jumamosi. Hii ni siku ya nyumbani. Watoto wasaidie kuchambua mchele na kufagia uwanja, kila mmoja kwa kadiri ya umri wake. Kisha mchezo. Chimbeni bao mchangani: safu nne, kila safu mashimo manane, yote 32, na kete 64. Komwe zikikosekana, kokoto zatosha. Mtoto wa miaka mitano hatajua kanuni zote za bao, lakini atahesabu na kupanda kete moja moja, na hiyo ni hesabu. Wapo pia mdako, rede na kombolela. Mzazi acheze naye, asiwe refa tu. Mvua ya masika ikinyesha, tengenezeni tiara au mashua ya karatasi ndani ya beseni. Maji ya mitaroni si ya kuchezea, kwa sababu ya mkondo na kwa sababu ya kipindupindu.

Jumapili ya Pasaka. Twende ibadani wote, turudi tule wote. Kabla ya chakula mtoto mdogo kuliko wote aulize, "Kwa nini leo tunafurahi?" na baba, mama au babu amjibu kwa maneno yake mwenyewe. Huko ndiko kulitii neno la Kutoka 12. Katika mitaa yetu ya Temeke na Kinondoni tunaishi na majirani Waislamu ambao siku ya Idd hawatusahau. Watoto wapeleke sahani ya pilau kwao, imefunikwa, na salamu zake.

Jumatatu. Msiipange. Acheni watoto wachague. Mkiombwa hadithi, itikieni "Pakawa!" hata kama mna usingizi. Toeni vyeti vya ubatizo na picha za zamani, waelezeni siku walipobatizwa na ni nani waliowadhamini.

Twajua si kila nyumba itaweza yote haya. Msiba ukitokea hatuna budi kwenda. Basi aende mzazi mmoja, mwingine abaki. Wageni wakija tuwapokee, na watoto wakae nasi badala ya kufukuzwa uani. Wapo wanaofanya kazi siku za sikukuu, kama wauguzi, walinzi, madereva na makondakta. Wapo akina mama wanaolea peke yao na kuuza sokoni hata Jumatatu ya Pasaka. Kwao tunasema: tafuteni saa moja, muitaje kwa mtoto kabla yake. Mwambieni, "Kesho saa kumi jioni ni saa yako." Kisha mwitimize. Saa moja iliyotimizwa ni bora kuliko siku nne zilizoahidiwa.

Na simu je? Iwekwe juu ya kabati wakati wa chakula na wakati wa mchezo. Mtoto akipewa simu atazame katuni ili atuache tupumzike, sisi tutakuwa tumepumzika, lakini yeye atakuwa ameachwa.

6. Maswali ya kujadiliana

1. Katika Kumbukumbu la Torati 5:14, ni nani katika nyumba yako ambaye hajawahi kupumzika siku ya sikukuu? Utafanya nini juu yake?

2. Mwanao akiulizwa leo ni siku gani anayoikumbuka pamoja nawe, unadhani atataja ipi?

3. Soma Zekaria 8:4–5. Nabii anaonyesha mji uliobarikiwa kuwa na wazee wameketi na watoto wanaocheza katika njia zake. Je, mtaa wetu una mahali salama pa watoto kucheza? Wakristo wa mtaa waweza kufanya nini?

4. Ni shughuli gani ya kanisa ambayo huwaondoa wazazi nyumbani siku za sikukuu, nayo yaweza kusogezwa siku nyingine?

Swali la nne tunawaomba wazee wa kanisa nao walijibu, maana si kila kikao kinachofanyika kanisani kimeagizwa na Mungu.

Neno la mwisho. Tiara lile lilikaa ukutani hadi gazeti likawa la manjano na njiti zikachomoka. Tulilitupa wakati wa kupaka rangi nyumba, bila kujua tulichokuwa tukitupa. Watoto wetu wameondoka, na sasa ndio wenye shughuli. Tunapowapigia simu, mara nyingi ni sisi tunaouliza watakuja lini, na wakija, wataondoka saa ngapi. Wewe ambaye mtoto wako bado anakificha kiatu chako, keti mkekani.

Tuombe:

Ee Baba Mwenyezi, uliyemtuma Mwanao akue katika nyumba ya Nazareti kama watoto wengine: utusamehe saa tulizowanyima wale uliotupa. Utufundishe kupumzika pamoja nao, kuwasikiliza na kuwabariki, ili wakutambue wewe kwa kutuona sisi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.